Ukoka wa Bi Khole

Bi Khole alipoanguka kwenye kokoto za uwani hakuvunjika hata mfupa mmoja, lakini tangu siku ile alisema kutembea basi. Daktari wa Nizwa alimpima magoti, akampima nyonga, akambonyeza kila mahali, kisha akamwita mwanawe Abdullatif pembeni na kumwambia kwamba mama hana ila. Ni hofu tu iliyomwingia. Lakini hofu hiyo ikiachwa imzoee, alisema, basi miguu nayo italegea, na ikishalegea hapatakuwa na dawa.

"Mtafutieni mahali laini," daktari alisema. "Mahali ambapo hata akianguka hataumia, na yeye mwenyewe ajue kwamba hataumia."

Mahfoudha, mke wa Abdullatif, aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama mlangoni, mkoba wa mama mkwe mkononi. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akiwaza mahali laini patapatikana wapi. Nyumba yao ilikuwa mpya, imejengwa pembezoni mwa mashamba ya mitende katika ile miaka ambayo kila mtu Nizwa alikuwa akijenga, na uwanja wake ulikuwa kokoto tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Mchana kokoto zile ziliwaka kama kikaango. Jioni zilipopoa zilikuwa zikiteleza chini ya kandambili, na hivyo hasa ndivyo Bi Khole alivyoanguka.

Bi Khole alikuwa mtu wa Unguja mjini. Mume wake, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa na asili ya Nizwa, naye Bi Khole aliletwa hapa Omani na mwanawe mwaka wa sabini na tatu, baada ya miaka ya kuhangaika Mombasa na Dubai. Kiarabu chake kilikuwa cha Kurani na cha kusalimiana. Hakuwa na shoga wala jirani wa kumtembelea. Alikuwa na chumba chake, redio yake, na dirisha linalotazama uwani. Tena alikuwa na tabia moja ambayo Mahfoudha aliizoea bila kuipenda: hakusema naye moja kwa moja. Hawakuwa wamegombana hata siku moja. Lakini Bi Khole alimtaka Abdullatif amwoe binti wa ndugu yake, Abdullatif akamwoa Mahfoudha, na tangu hapo mama alikuwa akipitisha maneno yote kwa mwanawe, hata Mahfoudha akiwa amekaa mkekani pale pale. "Mwambie mkeo chai imepoa." "Mwambie mkeo Mungu amzidishie, samaki wa leo alikuwa mzuri." Mahfoudha akijibu kwa adabu, "Ahsante, Mama," na siku zikapita, na miaka ikapita.

Ndiyo maana hakumwambia mtu nyumbani alipokata shauri la kupanda ukoka. Alimwomba binamu yake wa Maskati amletee gunia la vipandikizi kutoka bustani ya mahali alipokuwa akifanya kazi. Kokoto akazikusanya kwa pauro na kuzirundika nyuma ya nyumba, yeye na mtu mmoja wa kibarua. Udongo aliupata kwa jirani yake Ghaniya, mwenyeji wa Nizwa kwa baba na mama, ambaye mumewe Marhoun alikuwa na shamba la mitende na ndimu hapo chini, kando ya falaj, ule mfereji wa zamani unaogawa maji kwa zamu kutoka shamba hadi shamba. Walijaza gari zima udongo mweusi, pamoja na samadi ya mbuzi. Ghaniya hakutaka chochote ila jambo moja: majani yakishaota na kukatwa, yawe ya mbuzi wake.

Ukoka ukashika. Mahfoudha aliumwagilia kwa mpira kila jioni, na joto la kiangazi lilipowadia ulitambaa wenyewe, ukafunika uwanja kuanzia kwenye ngazi ya ukumbi hadi ukutani. Jioni moja Bi Khole alikaa dirishani akautazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita mwanawe.

"Nani kapanda ukoka ule?"

"Mahfoudha, Mama. Kaupanda kwa ajili yako."

Bi Khole aligeuka tena dirishani. Lakini siku ya pili alimtaka Abdullatif amshike mkono, akavua kandambili kwenye ngazi, akaweka mguu mtupu juu ya majani. Alisimama hivyo kidogo, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa akitembea peke yake asubuhi na jioni, tasbihi mkononi, kutoka ngazi hadi ukuta na kurudi, na Mahfoudha akimwona kutoka jikoni alikuwa akijikuta anatabasamu peke yake juu ya sufuria.

Mambo yakaharibika majira ya baridi.

Kulinyesha mvua ya siku mbili, ile mvua ya Nizwa inayokuja mara moja na kulijaza bonde. Mvua ilipokatika, Bi Khole alitoka kama kawaida yake baada ya chai ya asubuhi. Alipofika katikati ya uwanja alisimama.

"Abdullatif," aliita. "Kuna nini hapa? Mbona kama nakanyaga uji?"

Abdullatif alikuwa bado ndani anafunga kilemba. Mahfoudha alitoka mbio na ndiye aliyeona kwanza. Ukoka wote ulikuwa umejaa vijichuguu vya udongo, vidogo vidogo, laini, vimejipinda kama tambi zilizotolewa kwenye mashine. Mahali pengine vilikuwa vingi hata majani hayaonekani. Bi Khole aligeuka ili arudi, mguu ukaingia kwenye tope lile, ukateleza, na akaketi chini kwa kishindo.

Hakuumia. Ukoka ulifanya kazi yake kama daktari alivyosema. Lakini uso wake ulipoinuka ulikuwa mweupe, na kanga yake nzuri ilikuwa imetapakaa matope, na alipoinuliwa na kuingizwa ndani alikwenda moja kwa moja kitandani akajifunika mpaka kichwani.

"Mwambie mkeo," alisema kutoka chini ya shuka, "nimeshukuru kwa majani yake. Sitoki tena."

Adhuhuri ile Mahfoudha alichimba kidogo kwa mwiko wa zamani mahali penye vijichuguu vingi. Hakuchimba sana. Nyungunyungu wawili wanene, wekundu, walijinyonganyonga kwenye donge la udongo, na alipolivunja lile donge akaona wengine. Udongo mzuri wa Ghaniya ulikuja na wakazi wake, na yeye kwa kuumwagilia kila jioni alikuwa amewatengenezea pepo.

Abdullatif alikwenda Firq, kwenye maduka na karakana, akarudi na kopo la bati lenye picha ya fuvu la kichwa. Alilitua juu ya meza ya jikoni.

"Mwenye duka kaniambia unachanganya na maji unamwaga. Siku ya pili hutaona hata mmoja."

Mahfoudha aliligeuza kopo asiligeuze sana, kama mtu anayeshika kitu cha moto. "Na maji hayo yakishapita kwenye majani yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda ardhini."

"Ardhini wapi? Nyuma ya ukuta huo kuna mfereji wa falaj. Watu chini huko wanatilia udhu, wanapikia. Na majani haya wanakula mbuzi wa Ghaniya."

"Tutamwambia asije kuyachukua."

"Mpaka lini?"

Abdullatif alikaa kitini. Alikuwa mtu wa idara ya umeme, amezoea vitu vinavyokatwa na kuwashwa, na maswali ya namna hii yalimchosha. "Mahfoudha, mimi sina ugomvi na mbuzi wa mtu," alisema. "Lakini mama ninaye mmoja. Umemwona yuko vipi. Mara hii akilala, hatoki tena kitandani."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa Mahfoudha pia. "Unakwenda kazini Adam kesho," alisema mwishowe. "Niache mpaka urudi. Ukirudi na hali ni hii hii, fanya unavyoona."

Abdullatif alilitazama kopo, akamtazama mkewe. Kisha akaliweka juu ya kabati, mbali na mikono. "Haya," alisema. Asubuhi alipanda pikapu ya idara na kwenda zake Adam, ambako alikuwa akae wiki tatu wakifunga jenereta mpya, na nyumba ikabaki na wanawake wawili wasiozungumza.

Mahfoudha alianza kwa ufagio. Alichukua fagio gumu la makuti ya mtende akafagia vijichuguu vile kwa nguvu zake zote, na alipomaliza uwanja mzima ulikuwa umepakwa matope kama ukuta uliokandikwa. Akaleta pipa tupu, akalilaza na kulisukuma huku na huku ili papigwe pawe sawa. Vijichuguu vililala, ndiyo, lakini asubuhi ya pili vilisimama tena, na pale pipa lilipopita ardhi ilikuwa imegandamana, maji yamesimama juu. Mtu mmoja sokoni alimwambia chumvi. Alinyunyiza chumvi kwenye kona moja ili ajaribu. Nyungunyungu walikwisha kona ile, na ukoka nao ukakauka wote, ukabaki na rangi ya mkeka wa zamani.

Siku hiyo alikaa kwenye ngazi, fagio miguuni, na machozi yakamlenga. Hakulia. Alikuwa amechoka tu, na kona ile iliyoungua ilimuuma kuliko alivyotarajia.

"Mahfoudha."

Aligeuka. Bi Khole alikuwa dirishani. Hakukuwa na Abdullatif wa kupitishiwa maneno, na labda kwa hiyo, au labda kwa sababu alikuwa ameangalia taabu ile tangu asubuhi na haikumkalia vizuri, alimwita mkaza mwanawe kwa jina lake.

"Naam, Mama."

"Unafagia matope. Matope hayafagiwi, yanapakwa."

Mahfoudha alimeza alichotaka kusema. "Sasa nifanye nini, Mama?"

"Mimi najuaje? Mimi si mkulima. Lakini kwetu tope likiingia ukumbini, tunangoja likauke kwanza." Akavuta pazia.

Alikuwa amesema kwa ukali, lakini alikuwa amesema. Mahfoudha alibaki na maneno yale, na alipoyageuza aliona kwamba hata mpira wa maji alikuwa akiufungua kila jioni bila kufikiri, kama kiangazi bado kipo, wakati jua la Desemba halikuwa na nguvu ya kukausha hata nguo. Aliufunga mpira. Akaacha siku, akaacha siku nyingine. Vijichuguu vikakauka, vikawa vyepesi, na alipopitisha fagio asubuhi jua likiwa juu kidogo vilivunjika vikawa vumbi, vumbi likaingia kwenye majani likapotea. Uwanja ulikuwa umeanza kupendeza tena. Ila kando ya ukuta, pale udongo wa Ghaniya ulipomwagwa mwingi zaidi, kila kukicha vilitoka vipya, na palikuwa na unyevu usiokauka. Mtu mwenye magoti mabovu asingeweza kupita.

Jambo lililofuata hakulitafuta. Ghaniya alikuwa amemletea kapu la ndimu, na Mahfoudha akaamua kutia achari. Alisaga haradali nyingi, akailoweka majini kwenye sufuria kubwa, akaenda kusali. Aliporudi aliionja akatema. Haradali ilikuwa ya zamani, imekaa kabatini sijui tangu lini, na ilikuwa imezidi uchungu. Aliikoroga kwa hasira, akaizidisha maji ili isizibe bomba, akaona bora aimwage nje. Akatoka nayo mpaka ukutani na kuimwaga yote kwenye ukoka.

Alikuwa ameshageuka kurudi alipoona majani yanacheza. Upepo haukuwepo. Akachutama. Kutoka kila tundu la ardhi pale maji ya haradali yalipoingia, nyungunyungu walikuwa wakitoka, mmoja hapa, wawili pale, kisha wengi kwa pamoja, wanang'aa, wanajivuta juu ya majani kwa haraka ambayo hakudhani viumbe wale wanayo. Hawakuwa wamekufa. Walikuwa wanakimbia ukali.

Mahfoudha alikimbia jikoni akarudi na ndoo, na kuanza kuwaokota kwa vidole.

"Kuna nini?" Bi Khole aliuliza kutoka dirishani.

"Nyungunyungu, Mama. Wanatoka wenyewe. Nimemwaga haradali."

Dirisha likawa tupu. Baada ya kitambo Bi Khole alitokea mlangoni mwa ukumbi, amejishikiza kwenye fremu, ushungi umemwangukia mabegani.

"Yule mkubwa anarudi chini," alisema. "Yule. Si huyo. Kushoto kwako."

"Simwoni, Mama."

"Humwoni vipi? Pale penye jani la njano. Ah, kesharudi. Na mwingine huyo, karibu na ukuta."

Mahfoudha aliokota, akakosa, akaokota. Kila alipomkosa mmoja Bi Khole alisikika akipumua kwa kukereka. Kisha pumzi ile ikasikika karibu zaidi. Mahfoudha aliinua macho kidogo tu, chini ya kope. Mama mkwe alikuwa ameshuka ngazi. Alikuwa amesimama juu ya ukoka, miguu mitupu, mkono umeinuliwa kuonyesha, na wakati ule ule na yeye alikuwa amejitambua mahali alipo. Uso ukamkaza. Mkono uliokuwa unaonyesha ukaanza kutafuta kitu cha kushika, na hapakuwa na kitu.

Mahfoudha alitaka kuruka amshike. Alijizuia. Aliinamisha kichwa akaendelea kuokota kana kwamba hakuona lolote geni.

"Upande wako kule wako wangapi, Mama?" aliuliza. "Mimi siwaoni nikiwa nimechutama."

Bi Khole alitazama chini. Kisha, polepole, "Wako wawili."

"Wapi?"

"Hapa. Mbele yangu." Mguu mmoja ukasogea. "Na hapa." Mguu wa pili ukaufuata. "Lakini mimi siinami, usinitegemee."

"Usiiname, Mama. Wewe nionyeshe tu."

Basi wakaenda hivyo, mmoja amechutama na ndoo, mwingine amesimama na kidole, kando ya ukuta wote, na Bi Khole hakusita tena mpaka walipomaliza. Pale penye unyevu aliweka mguu kwa kujihadhari, akapita.

Ghaniya aliingia akiwa na gunia lake la majani, akasalimu, akachungulia ndani ya ndoo. Akarudi nyuma mara moja akiwa ameshika shela yake.

"Mnafanya nini na hawa?"

"Tunawatoa," Mahfoudha alimjibu kwa Kiarabu. "Wanamtelezesha Mama."

"Watoeni muwaue. Marhoun anasema hawa wanakula mizizi ya mitende."

"Mizizi yenu imeliwa?"

Ghaniya alifikiri. Alikuwa mwanamke mkweli. "Hapana," alisema. "Ndimu za mwaka huu hata matawi yamevunjika kwa uzito."

"Basi hawa wametoka kwenu, Ghaniya. Wamekuja na udongo wako."

Ghaniya aliwatazama tena wale waliokuwa wakijizungusha ndooni, safari hii kwa jicho jingine, kama mtu aliyeambiwa kwamba wageni hawa ni wa ukoo wake. Akaanza kucheka. Bi Khole, ambaye hakuelewa lolote isipokuwa kicheko, alimuuliza Mahfoudha kinachochekesha ni nini. Mahfoudha akamtafsiria.

"Muulize anawaitaje kwa Kiarabu," Bi Khole alisema.

Ghaniya alisema neno lake, na Bi Khole akalirudia vibaya, na Ghaniya naye alipoambiwa aseme nyungunyungu alisema nunyu-nunyu, akashindwa, akajaribu tena, mpaka Bi Khole mwenyewe meno yakaonekana. Mahfoudha hakukumbuka kama aliwahi kuyaona meno ya mama mkwe wake kwa kucheka.

Waliwasuuza nyungunyungu kwa maji safi ili ukali wa haradali uwatoke, na Ghaniya akachukua ndoo kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika pua bila sababu, akaenda kuwamwaga chini ya midimu ya mumewe. Marhoun alinung'unika, ilivyosemwa baadaye, lakini aliwafunika kwa udongo asije ndege akawala.

Kazi haikwisha siku ile. Mahfoudha alinunua haradali nyingine sokoni, mfuko mzima, mpaka muuza viungo akamuuliza kama ana harusi. Kila baada ya siku mbili tatu alimwaga maji ya haradali kwenye kipande kimoja, akayafuatisha na maji matupu ili majani yasidhurike, na Bi Khole alikuwa akitoka bila kuitwa, kwa sababu alikuwa ameshaamini kwamba Mahfoudha haoni vizuri. Kona ya chumvi Mahfoudha aliichimba, akaondoa udongo wake, akapachika vipandikizi vipya. Na wale nyungunyungu hakuwamaliza, wala hakutaka. Aliona pale walipobaki wachache ukoka ulikuwa mzito na mvua ikinyesha maji yanazama badala ya kusimama. Vijichuguu vyao vichache alivingoja vikauke na kuvifagia. Mchanga laini wa bondeni aliuchekecha na kuumwaga kando ya ukuta, ule unyevu ukapungua.

Abdullatif alirudi kutoka Adam siku ya Alhamisi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alifungua geti akasimama. Mama yake alikuwa anatembea kando ya ukuta, tasbihi mkononi, na Mahfoudha alikuwa ukumbini anachambua mchele.

"Shikamoo, Mama," alisema kutoka getini.

"Marahaba. Vua viatu, usikanyage majani ya watu kwa matope ya Adam."

Alivua. Alikaa karibu na mkewe, akamtazama mama anavyogeuka kule mwisho bila kujishika. "Umefanya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Haradali," Mahfoudha alisema. "Na kufunga mpira wa maji. Na yeye mwenyewe."

Abdullatif akainuka. Aliingia jikoni akatoka na lile kopo la bati, kifuniko chake hakijaguswa, akalifunga kwenye gazeti na kulitia ndani ya gari ili alirudishe Firq siku ya Jumamosi. Aliporudi Bi Khole alikuwa amesimama mbele ya Mahfoudha.

"Mchele huo una mawe," alimwambia Mahfoudha. "Nipe sahani nyingine nikusaidie."

Abdullatif alisubiri maneno yake ya kupitisha, na hayakuja.

Wiki chache baadaye, hewa ikiwa nzuri, Bi Khole aliuliza jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Aliuliza wale nyungunyungu wote wamepelekwa wapi hasa.

"Kwa Ghaniya, Mama. Chini ya midimu."

"Mbali?"

"Si mbali. Ni kufuata falaj."

"Nataka nikaone," Bi Khole alisema. "Wasije wakawa wamekufa, tukawa tumejisumbua bure."

Wakaenda asubuhi, wawili tu. Njia ilikuwa ya udongo uliokanyagwa, mfereji unakwenda ubavuni mwao na maji yake yaliyo safi hata kokoto za chini zikionekana, na kivuli cha mitende juu. Bi Khole alitembea polepole, mkono wake ndani ya mkono wa Mahfoudha, na mara kwa mara alisimama akisema anatazama maji, na Mahfoudha naye akayatazama maji mpaka pumzi ya mama iliporudi. Ghaniya aliwaona akiwa mbali akatandika mkeka, akaleta dalla ya kahawa, tende na halua. Marhoun alisalimu kwa adabu akaenda zake upande wa pili wa shamba ili wanawake wakae kwa raha.

Ghaniya alichimba kidogo kwa mkono chini ya mti, hakushika pua safari hii. Walikuwepo, na walikuwa wazima. Bi Khole aliridhika. Alikaa mkekani akanywa kahawa, na Kiarabu chake cha Kurani kilianza kutoka, kimesimama wima, na kila herufi mahali pake, hata Ghaniya akamwambia Mahfoudha kwamba mama yako anazungumza kama imamu wa Ijumaa. Walizungumzia ndimu, na namna ya kuzikausha, na kama ukoka unaweza kuota huku shambani kwenye kivuli. Bi Khole alisema hauwezi, Ghaniya akasema unaweza, na wakakubaliana kwamba watajaribu kipande kidogo, Bi Khole aje kukagua.

Walipokuwa wanarudi jua lilikuwa limepanda. Bi Khole alikuwa amechoka, lakini mbele ya geti lao hakuingia. Alisimama akitazama upande wa pili wa njia, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu.

"Pale anakaa nani?"

"Azza, Mama. Fundi wa nguo. Wazazi wake walikuwa Pemba."

"Pemba," Bi Khole alisema. "Miaka yote hii nakaa dirishani, sikujua." Akasimama kidogo zaidi, mkono wake bado ndani ya mkono wa mkaza mwanawe. "Kesho twende pale, basi. Asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Na unitafutie viatu vya kufunga, Mahfoudha. Kandambili hizi si za kutembelea."